Pete Mbili za Gatera

Goti la Gatera bado liko kwenye nyasi. Mkono wa Trinah bado umenyooshwa. Wageni wameinua simu zao, droni ya mpiga picha inanguruma juu ya vichwa kama nyuki aliyepotea njia, na Kellen, aliyeichora pete ile, amesimama pembeni, macho kwenye pete. Hapo ndipo hadithi ilipokatika Jumamosi iliyopita, na nimeambiwa kuna msomaji aliyemrudishia muuzaji gazeti akidhani ukurasa umechanwa.

Haukuchanwa. Kellen aliona kwamba jiwe lililokuwa kwenye pete halikuwa jiwe alilolichorea pete hiyo.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Kellen na Trinah walikulia Shinyanga, Tanzania, watoto wa Wanyarwanda wa uhamishoni, wakagawana dawati moja na chawa wale wale. Leo wote wako Kigali. Trinah ni meneja katika ofisi ya bima. Kellen anabuni pete za uchumba. Alianza kwa kumchorea rafiki mmoja, rafiki akamwonyesha shangazi, shangazi akalionyesha kanisa zima, na sasa sebule yake ya Kibagabaga haikosi mteja. Huyu anataka almasi ionekane kutoka ng'ambo ya bonde. Yule anataka pete kama ya mke wa bosi wake, ila iizidi kidogo. Kellen huchora kwa penseli, huchonga umbo kwa nta, na mteja akiridhika kazi hushuka Kimisagara kwa sonara Eustache, ambaye humimina dhahabu na kulifunga jiwe.

Gatera alikuja kwenye sebule hiyo na almasi tayari mfukoni. Kellen aliitambua mara moja. Ilikuwa almasi ya Mama Winifred, mama yake Trinah. Marehemu mumewe, fundi wa mitambo, aliinunua mwaka ule Trinah alipozaliwa, na mama huyo aliivusha mpakani ikiwa imeshonwa ndani ya ukanda wa gauni. Gatera alikuwa amekwenda kwake kulia. Alisema anampenda Trinah, lakini anaona aibu kumposa kwa kijipete cha kutia huruma. Mama Winifred, aliyechoshwa na wanawake wa kwaya wanaomuuliza kila Jumapili kama binti bado yuko nyumbani, akampa jiwe. Sharti lilikuwa moja: Trinah asijue. Kellen naye aliombwa anyamaze, akanyamaza.

Sasa rudini kwenye nyasi.

Gatera aliichomeka pete kidoleni, akasimama, akafuta goti, akaomba kipaza sauti. Mtu mwenye haya angesema asante akakaa. Yeye aliwaeleza wageni jinsi alivyosafiri hadi Antwerp, Ubelgiji, kulitafuta jiwe linalomfaa malkia wake. Alivitaja vitongoji na wauza almasi, hata mvua ya huko akaieleza. Gatera huyu, safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa Mombasa, na huko aliugua tumbo kwa kula pweza. Watu walipiga makofi. Mama Winifred aliinamisha kichwa na kuanza kuchunguza mishono ya mshanana wake, vazi la sherehe la kufunga begani.

Kellen alimkumbatia rafiki yake, akamshika mkono kana kwamba anaistaajabia kazi yake mwenyewe, akalipulizia jiwe pumzi. Almasi ukiipulizia, ukungu huondoka kabla hujafumba jicho. Ukungu ule ulikaa. Ulikaa juu ya jiwe la Trinah kama ukungu wa asubuhi juu ya bonde.

Kilikuwa kioo.

Alimfuata Gatera nyuma ya hema la chakula, akamuuliza kwa sauti ya chini jiwe la mama liko wapi. Alitarajia akane, au ashtuke. Gatera aliendelea kuchagua kijiti cha meno.

"Mara ya mwisho jiwe lilikuwa kwa nani?" alisema. "Lilikuwa kwako na fundi wako. Sema neno moja hapa, na mimi nitasema umelibadilisha. Halafu tuone nani atakuletea tena almasi yake uichoree."

Akamgonga begani kama mtu anayemfariji mtoto, akarudi kwa wageni.

Msomaji atasema Kellen angepiga kelele pale pale. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na gazeti mkononi. Mbunifu wa pete hana kingine cha kuuza ila jina lake, na Gatera alijua hivyo, maana watu wa aina yake husoma udhaifu wa wenzao upesi kuliko wanavyosoma Biblia. Kellen alikula keki. Alipiga picha na bibi harusi mtarajiwa. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Jumatatu asubuhi alishuka Kimisagara.

Sonara Eustache ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mwanamume wa kujisifu, ambaye hukuonyesha picha za pete alizotengeneza kabla hujapata kiti. Alianza kwa kumsifia madamu jinsi pete ya pili ilivyopendeza kuliko ya kwanza. Kellen alimuuliza ni pete gani ya pili.

Mkono wa Eustache ulibaki hewani na simu ndani yake.

Hadithi ilitoka vipande vipande. Gatera alikuja siku chache baada ya kuichukua pete, akiwa na msichana mwembamba aliyevaa sare za kazi za uwanja wa ndege. Alisema ametumwa na Kellen. Alisema mchumba wake ana kidole chembamba na hapendi pete nzito, kwa hiyo almasi ihamishiwe kwenye pete nyepesi, na ile ya kwanza iwekewe kioo iwe pete ya kusafiria, ya kuvaa njiani ili wezi wasipate kitu. Eustache aliona ni jambo la kawaida, kwani wateja wenye uwezo hufanya hivyo. Alifungua vikucha vinavyoshika jiwe, akalitoa, akafunga kioo mahali pake, na kwa kuwa Gatera alimsifia sana, hakuona haja ya kumpigia Kellen simu.

"Alisema mimi ndiye sonara peke yake Kigali nzima," alinong'ona.

Kellen alimwambia kwamba kwa sifa hiyo moja alikuwa ameuza almasi ya mjane. Eustache aliketi kwenye kiti alichokuwa hajamkaribisha mgeni wake, akasema, kwa Kifaransa na Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, kwamba yuko tayari kusema ukweli popote atakapoitwa. Jina la msichana alilikumbuka. Gatera alilitaja kila mara, kwa sauti ya asali.

Liliane.

Alasiri hiyo Kellen alikuwa Kanombe, nje ya uwanja wa ndege, akisubiri zamu ya mchana itoke. Njiani alikuwa amejitayarishia maneno makali. Alimfikiria mwanamke mwenye kucha ndefu na kicheko kirefu, mwizi wa wachumba, na alikuwa na sentensi tatu nne za kumkaanga.

Aliyetoka alikuwa msichana mwenye macho ya usingizi na viatu vilivyolika visigino. Hufanya kazi kwenye dawati la mizigo iliyopotea, na siku nzima hutukanwa na watu kwa makosa ya mashirika ambayo hata hayajamwajiri. Kwenye kidole chake, ndani ya duara jembamba la dhahabu nyeupe, almasi ya Mama Winifred ilikuwa inakula jua la Kanombe bila kujua iko kwa nani.

Walikaa kwenye kiduka cha chai. Kellen alijitambulisha, na Liliane akafurahi. Alisema Gatera amemweleza yote kuhusu binamu yake anayechora pete, yule aliyemfanyia kazi bure kwa mapenzi ya ukoo. Akaeleza kwamba gusaba, siku ambayo wazee wa Gatera watakuja nyumbani kwao kuomba mke, imeshapangwa. Baba yake, mwanajeshi mstaafu, hakumpenda Gatera mwanzoni, ila alilainika aliposikia habari ya pete.

Kellen aliuliza ni habari gani.

Liliane aliigusa pete kwa kidole gumba. Alisema ni jiwe la mama yake Gatera. Mama huyo aliumwa muda mrefu, na siku ya mwisho alilivua mkononi mwake akamwachia mwanawe.

Ndugu msomaji, mama yake Gatera yuko Nyagatare. Ni mzima wa afya. Asubuhi hiyo hiyo bila shaka alikuwa kwenye zizi, akimtukana ng'ombe aliyepiga teke ndoo.

Kellen alisahau sentensi zake zote kali. Alimweleza Liliane polepole: Trinah, bustani, jiwe lilikotoka, kioo. Alimwonyesha picha ya Gatera akiwa amepiga goti kwenye nyasi. Liliane aliiangalia sana. Hakulia wala hakukana. Swali lake la kwanza halikuhusu mwanamke mwingine kabisa.

"Mama yake iko muzima?"

Kellen akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilimulilia yule mama," Liliane alisema. "Nilienda misa, nikamuombea. Baba yangu alivua kofia."

Kisha Liliane alisema anataka kumwona Trinah, na anataka kumwona Gatera akiwa mbele ya Trinah, siku moja, meza moja. Pete hakuivua. Alisema ataivua siku hiyo, na ataiweka mkononi mwa mwenyewe.

Kellen alimpigia Mama Winifred. Mama alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema amlete msichana huyo Jumapili, Gatera atakuwa pale kwa chakula cha mchana. Akasema Trinah asiambiwe lolote kwanza, mambo kama haya hayasemwi kwa simu. Na Kellen, kwa mara ya pili, akakubali kunyamaza. Shikeni hapo, maana wiki nzima Trinah alikwenda kazini akiwaonyesha wenzake kioo, akaeleza habari za Antwerp, na watu wawili waliompenda kuliko wote walijua, wakamwacha aendelee.

Jumapili ikafika.

Mama Winifred alikuwa amepika isombe, yaani kisamvu, na wali na kuku, na Gatera alikaa kiti cha marehemu baba yake Trinah. Ndiyo, hicho hicho. Mbele yake ilikuwa firigisi, kipande cha heshima kwa mkwe, na alikuwa akieleza kwa mdomo uliojaa jinsi atakavyoibomoa ile varanda nyumba ikishakuwa chini ya uangalizi wake. Kellen aliingia, akamwamkia mama. Nyuma yake akaingia Liliane, amevaa gauni la kanisani.

Taya la Gatera lilisimama.

"Gatera," alisema Mama Winifred, "mtambulishe mgeni."

Gatera alisema hamjui. Alisema kwa upole, akatazama huku na huko kama mtu aliyeletewa bili ya meza nyingine. Liliane alisogea hadi mezani, akaweka mkono wake katikati ya sahani, vidole vimefunguka. Mama Winifred hakuhitaji kupulizia wala kuuliza. Aliliangalia jiwe lake kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyepotea sokoni akarudishwa na mgeni.

Trinah aliuliza kuna nini. Kellen akaanza kueleza, na hapo Gatera akasimama, akarusha kitambaa, akafanya alichoahidi nyuma ya hema. Alisema Kellen ni mwizi. Alisema ni Kellen aliyeliiba jiwe akaliuza kwa mwanamke huyu, na sasa anatafuta wa kumtwika. Alisema vizuri kweli. Laiti angekuwa mwanasheria, angepata wateja.

Liliane alimwacha amalize.

"Umemuzika mama yako mbele ya baba yangu, akiwa muzima," alisema. "Leo unataka kunizika na mimi?"

Hakuwa na haja ya kuongeza, lakini aliongeza. Alitoa simu, akafungua video, na pale mezani, kati ya wali na kuku, Gatera mwingine alionekana amepiga goti kwenye zulia la nyumbani kwa kina Liliane, Kanombe, akisema kwa sauti ile ile ya asali kwamba marehemu mama anawaangalia kutoka mbinguni.

Basi simba akageuka kuku. Alikaa, akajifunika uso, akaanza kulia. Alisema alichanganyikiwa. Alisema anawapenda wote, kila mmoja kwa njia yake. Alisema shetani. Wanaume kama huyu hawajawahi kufanya kosa wao wenyewe, na shetani, kama angekuwa na haki ya kujibu gazetini, angeandika barua ndefu.

Liliane aliivua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Mama Winifred, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili. Mama alimwita mwanangu. Kellen alipumua kwa mara ya kwanza wiki ile. Aliona kwamba yamekwisha: jina lake limesalimika, jiwe limerudi, tapeli amevuliwa nguo mchana kweupe.

Lakini hakuwa amemtazama Trinah.

Trinah alikuwa bado ameketi, mikono mapajani. Hakumtazama Gatera aliyekuwa akivuta kamasi. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Jiwe lilikuwa lako?"

Mama akasema ndiyo.

"Ukampa aniletee."

Mama alianza kueleza habari za kwaya, na umri, na marehemu. Trinah akamgeukia Kellen, akamuuliza alijua tangu lini. Kellen angeweza kusema tangu Jumamosi ya bustani. Alisema kweli: tangu siku aliyoanza kuchora.

"Wiki nzima nimesimama ofisini nikinyoosha kidole," alisema Trinah. "Mmekaa wangapi kunijadili? Hata huyu dada wa Kanombe amejua kabla yangu."

Liliane aliangalia chini.

"Yeye amenidanganya kama wanaume wanavyodanganya," alisema Trinah, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ninyi mmeninunulia mume."

Alisimama. Kellen alisimama pia akamshika mkono, na Trinah akautoa taratibu, kidole baada ya kidole, kama mtu anayetoa miba. Akachukua mkoba wake. Kioo kilikuwa bado kidoleni. Akamwambia Gatera anyanyuke waondoke.

Gatera alidhani hakusikia vizuri. Aliwaangalia wote mezani kwa macho mekundu, kisha akaelewa, na nasikitika kuwaeleza kwamba machozi yalikauka hapo hapo. Alinyoosha kola. Alipopita karibu na Kellen, aliinama kidogo kama anavyoinama mgeni wa heshima anapoaga. Mama Winifred aliita jina la binti yake mara moja tu. Mlango wa mbele ukafunguka, ukafungwa.

Wapo watakaomwita Trinah mpumbavu. Mimi namjua mwanamke huyu kuliko nyinyi, nimemwandika kwa wiki nyingi. Hakuwa ameondoka kwa sababu ya mapenzi. Aliondoka kwa sababu ndani ya nyumba ile kila mtu alikuwa amemwona uchi isipokuwa yeye mwenyewe, na mtu aliyevuliwa nguo hukimbilia mlango wowote, hata wa tapeli.

Nje, nyuma ya nyumba, injini iliwaka. Kellen alitoka mbio hadi kwenye lango, Liliane nyuma yake, na wakaliwahi gari kwa macho tu: jeusi, aina ya jeep, linang'aa, Trinah amekaa mbele wima kama mshumaa, likishuka mteremko wa kuelekea hospitali na kupotea kwenye kona.

Kellen alisema atawafuata, atatafuta pikipiki. Liliane hakusogea. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Dada," alisema, "ile gari si ya Gatera. Ni ya baba yangu, alimwazima. Jana nilipomwambia baba mambo yote, alimpigia simu airudishe. Gatera hakushika simu."

"Na baba yako?"

"Asubuhi amevaa magwanda yake ya zamani, ameenda polisi. Amesema imeibwa, na iko na watu wawili ndani, mwanaume na mwanamke." Aliangalia kona lilikopotea gari. "Mwanamke alifikiri itakuwa mimi, kwamba nimemrudia Gatera. Alisema asihurumiwe mtu."

Kellen alishabonyeza jina la Trinah kabla Liliane hajamaliza. Simu ikaita. Iliita kwa nguvu na kwa muda mrefu, ndani ya nyumba, juu ya meza ya chakula.